Kitabu Nilichokuficha

Atieno mama,

Wewe na mamako mmekwenda sokoni kutafuta blanketi na beseni, na najua mkikutana na shangazi yako hapo Rodi hamtarudi kabla ya saa kumi na moja. Kwa hivyo nina mchana mzima na meza nzima. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha niliyoifundisha miaka ishirini na sita, kwa sababu kwa Dholuo ningeanza kukutania, na kwa Kiingereza ningeanza kukuhutubia. Leo sitaki hata moja kati ya hayo.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Habari za kuchemsha maji ya kunywa, za kufunga mlango na za marafiki wa kukopana nguo, mamako amekwisha kukuambia mara tatu, na mara ya nne atakuambia kesho pale stendi watu wakisikia. Mimi nataka kukueleza habari ya kile kitabu. Wewe unaijua nusu moja, ile iliyokuumiza. Nusu ya pili nimekaa nayo miaka miwili, na sioni vizuri uende chuoni Eldoret bila kuijua.

Lakini kwanza kitu kingine, ambacho sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mamako. Nilipoanza kazi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilipelekwa shule moja ya mbali, mahali ambapo watoto wanakua na Kiswahili mdomoni. Somo langu la kwanza lilikuwa juu ya kilimo. Mkaguzi alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Unajua sisi Waluo na ile herufi ya "sh". Nikafungua mdomo kusema shamba, likatoka "samba". Nikasema "sambani", nikasema "mashine" ikawa "masine", na darasa lote likaangua kicheko. Mkaguzi naye akainamisha uso kwenye daftari lake, mabega yakimtikisika. Nilifanya mazoezi ya herufi hiyo mwaka mzima, nikiwa peke yangu, nikitembea kutoka shuleni. Niliishinda. Ila tangu siku ile, kila niliposikia watu wakicheka nilidhani wananicheka mimi. Nikaamua kwamba mahali nilipo pasiwe na kicheko. Watu wakaniita mwalimu mkali, nami nikaipokea sifa hiyo kwa mikono miwili.

Ndiyo nyumba uliyozaliwa ndani yake.

Sasa, ile likizo ya Desemba ulipomaliza kidato cha pili, ulikuja na kitabu cha maktaba ya shule. Jalada lilikuwa na zimwi kubwa la kijani limevaa aproni, limekumbatia boga. Ulikisoma ukiosha vyombo, umekiegemeza kwenye sufuria. Ulikisoma ukilinda maharagwe yasiungue, na yakaungua. Nilirudi jioni moja nikazima pikipiki pale kwenye lango la ua, nikasikia wewe na wadogo zako mnacheka mpaka mmoja anakohoa. Nilipoingia mlangoni mkanyamaza wote. Omondi akajifanya anatafuta kiatu.

Nikakuuliza, "Hicho ni nini?"

"Hadithi tu, Baba."

"Inahusu nini?"

Ukajaribu, maskini. Ukasema, "Kuna mfalme ana kwikwi, sasa mganga wake anataka kumtibu, lakini anasahau dawa, halafu waziri mkuu anageuka mbuzi..."

"Hisabati ulipata ngapi?"

Ukaniambia. Nikanyoosha mkono, ukanipa kitabu. Nilisema maneno ambayo bado nayasikia: kwamba mazimwi na waganga hawana nafasi katika nyumba ya mzee wa kanisa, na kwamba mtu anayecheka na karatasi ana kasoro. Ulikuwa umefika katikati; uliweka uzi wa zambarau kama alama. Siku ya kurudi shuleni ulisimama mbele yangu na sanduku lako ukaniambia taratibu, "Baba, kile kitabu ni cha shule." Nikakujibu, "Mwambie mwalimu wako akitaka aje akichukue kwangu." Ukasema sawa. Ukaondoka. Nikajiona nimeshinda.

Hapa ndipo inapoanza sehemu usiyoijua.

Wiki mbili baadaye niliamua kukirudisha mwenyewe, pamoja na barua kali kwa mwalimu mkuu kuhusu vitabu wanavyowapa wasichana wetu. Nikatia kitabu mkobani, nikatia na kalamu nyekundu, nikapanda pikipiki kuelekea shuleni kwenu Migori. Nilipofika Rongo kebo ya klachi ikakatika. Fundi wa pale kando ya barabara, bwana mmoja mnene aitwaye Odhiambo, akaniambia nisubiri saa mbili, kwa sababu kebo italetwa kutoka dukani upande wa pili wa mji. Nikakaa kwenye benchi lake. Nikaona huo ndio wakati wa kufanya kazi: nitasoma kitabu hiki tangu mwanzo, na kila mahali penye ubaya nitapiga mstari mwekundu, ili barua yangu iwe na ushahidi.

Atieno, sikupiga hata mstari mmoja.

Ukurasa wa kwanza nilikunja uso. Wa pili nikaona mwandishi anajua Kiswahili. Nilipofika pale mganga wa ikulu anapochanganya dawa na waziri mkuu anageuka mbuzi, na baraza linaendelea kukutana siku saba bila mtu kutambua, kwa sababu kila mmoja anafurahi kwamba siku hizi waziri anawasikiliza mpaka mwisho, kuna kitu kilinipanda kutoka tumboni. Nilikizuia. Nilijifanya nakohoa. Kisha yule mbuzi akala mkataba wa mpaka na nchi jirani, vita vikakosa sababu, watu wakampigia makofi, na mimi nikacheka kwa sauti, pale Rongo, mbele ya watu, na kofia yangu ya kanisani kichwani.

Odhiambo akatoa kichwa chini ya pikipiki. "Mwalimu, unacheka peke yako kwa nini?"

"Ni hii... kuna mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Waziri mkuu."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kupita. Kisha akasema, "Hebu tusomee na sisi tusikie. Hii kazi ni ya mkono, masikio yapo huru."

Nikasoma. Nilianza kwa ile sauti yangu ya darasani, kavu kama chaki, lakini mbuzi hasomeki hivyo. Anataka sauti yake. Nikampa sauti. Mfalme nikampa kwikwi. Mama aliyekuwa akiuza ndizi kando yetu akasogeza karai lake karibu. Wanaume wawili wa boda boda wakazima injini. Tulipofika kwa zimwi lile lililoacha kula watu kwa sababu linajaa gesi, na badala yake linalima maboga na kuwapelekea majirani ambao wanakimbia kila likibisha hodi, yule mama wa ndizi akajipiga paja akasema, "Kumbe ni kama shemeji yangu!" Tukacheka tena. Kebo ilikuwa imeletwa kitambo na hakuna aliyekumbuka kuifunga.

Hakuna aliyenicheka mimi. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, na ndiyo kwanza nilitambua kwamba watu wanaweza kucheka pamoja nami.

Sasa jiulize alichofanya baba yako huyo. Pikipiki ilipopona, je, alikwenda Migori kukupa kitabu chako? Aligeuza akarudi nyumbani. Kukirudisha kungekuwa kukiri, na mimi nilikuwa sijui kukiri. Kitabu nikakificha kwenye droo ya meza yangu ya shuleni, chini ya ratiba za zamani, nikawa nakisoma saa ya chakula mlango ukiwa umefungwa. Nilikimaliza. Nikakirudia. Nilikunyima kicheko chako, nikawagawia watu wasionijua kando ya barabara, kisha nikakaa na kilichobaki peke yangu. Mwizi wa kuku angalau humla akiwa na njaa.

Mwezi wa tatu tukaitwa mkutano wa wazazi. Asubuhi ile nilikitia kitabu mkobani, nimeazimia kabisa kukuvuta pembeni nikupe. Nilikuwa hata nimeyapanga maneno njiani. Unakumbuka darasa lile, madawati yamepangwa duara, kila mzazi na mtoto wake. Mwalimu wa maktaba alipotufikia alifungua daftari lake akasema, "Baba Atieno, binti yako ana akili nzuri. Lakini alipoteza kitabu likizoni, na hajui hata alikipotezea wapi. Tumemwondoa ukiranja wa maktaba, na hataazima kitabu mpaka mwisho wa mwaka."

Nikakutazama. Ulikuwa unatazama sakafu.

"Ni kweli, Atieno?" mwalimu akakuuliza.

"Nilikipoteza, Madam."

Hukunitazama hata kidogo. Ungeweza kusema neno moja tu, "kiko kwa baba," na wazazi wote wangejua kwamba Mwalimu wa Rodi amemnyang'anya mtoto wake kitabu. Ulichagua kuaibika wewe. Ulikuwa na miaka kumi na sita.

Na mkoba ulikuwa juu ya magoti yangu. Kona ya kitabu ilikuwa inanichoma pajani. Nami nikafungua mdomo, na badala ya yale maneno niliyoyapanga nikasema, "Watoto wa siku hizi hawana uangalifu, Madam. Nitaongea naye."

Wazazi wakatikisa vichwa kukubaliana nami. Hapo ndipo uliponitazama. Sikuona hasira. Ulinitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabara kuona amefika wapi, kisha ukageuza uso.

Nilipofika nyumbani mamako alikuwa anachambua omena. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Nilitumaini atanipunguzia. Aliendelea kuchambua, akasema bila kuinua kichwa, "Mwalimu, mtoto amekufunika. Wewe umemvua."

Nikasema, "Nitamwandikia."

"Ulimvua mbele ya watu. Utamvika kwa barua?"

Jioni ile alinipa chakula kama kawaida, jambo lililokuwa gumu kuliko kama angeninyima.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikarudi Migori. Nilimkuta mwalimu wa maktaba akipanga vitabu. Nikaweka kile kitabu mezani, uzi wa zambarau ukiwa mahali pale pale ulipouacha, kwa maana huo sikuwahi kuugusa. Nikamwambia, "Binti yangu hakukipoteza. Nilimnyang'anya. Ijumaa kilikuwa mkobani mwangu nilipomwita mzembe mbele yako."

Akafungua jalada, akasema, "Mwalimu, ungeweza kunipa kitabu tu, tukayamaliza hapa."

"Alisemwa mbele ya darasa," nikasema. "Naomba dakika tano za darasa."

Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, Atieno. Siku ile nilishika ukingo wa meza. Wewe ulikuwa safu ya pili karibu na dirisha. Nilisema nilichosema, unakijua. Nilisema kwamba wewe husemi uongo ila mara moja, na ile mara moja ulisema kunistahi mimi nisiyestahili. Nikaona msichana mmoja nyuma anafunika mdomo, na nikangoja kile kicheko ambacho nilikuwa nakikimbia tangu nikiwa kijana. Hakikuja. Badala yake yule yule msichana akainua mkono akauliza, "Sasa Mwalimu, ulikisoma?"

"Nilikisoma."

"Ulikipenda?"

Nikasema, "Leteni hapa," na nikawasomea mbuzi. Darasa likacheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja mlangoni. Wote walicheka isipokuwa wewe, na nilijua hukucheka kwa makusudi. Haikuwa haki yangu kukuchekesha siku ile.

Tulipotoka nje ulisimama kando ya tangi la maji, mikono nyuma. Nikakuambia nisamehe. Nadhani ulikuwa hujawahi kulisikia neno hilo likitoka kwangu, kwa sababu ulinitazama kana kwamba nimesema Kichina.

Ukasema, "Si kitabu, Baba. Ulisema sina uangalifu. Na ulikuwa nacho."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa watu."

"Mimi pia niliwaogopa," ukasema. Kisha ukasema, "Sijui kama nimekusamehe. Naomba unipe muda."

Nikasema chukua. Kengele ikalia ukaenda. Nilipanda pikipiki nikarudi Rodi, na ingawa hukunisamehe, nilikuwa mwepesi. Hilo ni jambo nililojifunza nikiwa na mvi: kukiri hakungoji jibu ndipo kufanye kazi. Ukishasema kweli, nusu ya mzigo imeshuka hata kama mwenzako hajakupokea. Nilikuwa nimeogopa mlango ule miaka yote, na kumbe ulikuwa umeegeshwa tu.

Muda uliouomba ulikuwa wiki tano. Likizo ya Aprili ulikuja kimya, ukanisalimia kwa adabu, ukanipa kiti. Adabu yako ilinipiga kuliko matusi. Siku ya nne, Jumapili mchana, nilikuwa barazani nasahihisha insha za darasa la nane. Ukatoka ndani na kile kitabu. Ulikuwa umekiazima tena. Walikuwa wamekurudishia maktaba yako. Ukavuta kigoda ukakaa si mbali sana na mimi, wala si karibu sana. Ukafungua penye uzi, ukaanza kusoma kwa sauti, kana kwamba unawasomea kuku.

Nami nilijua kinachokuja. Nilijua kwamba ukurasa wa pili baada ya uzi zimwi litaalikwa ikulu na kuketishwa kando ya mbuzi. Nilijaribu kujizuia, lakini nilikuwa nimekisoma mara mbili, na nikacheka kabla hujafika.

"Baba!" ukasema. "Usiharibu!"

"Sijasema kitu."

"Umecheka mapema!"

Mamako akatoka jikoni kuona kuna nini. Omondi akaja. Ukasoma mpaka jua likahamia upande wa choo, na ulipochoka koo ukanisukumia kitabu, ukanionyesha kwa kidole mahali ulipofika. Nikampa mbuzi sauti yake. Ukacheka ukaegemea nguzo. Insha za darasa la nane zilisahihishwa siku iliyofuata, na nadhani zilipata alama nzuri kuliko zilivyostahili.

Tangu hapo tumesoma vingapi pamoja? Unajua wewe. Mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha siku moja akaniuliza kama ni kweli nasoma mambo ya mazimwi na watoto. Nikamwambia ni kweli, na kwamba kama ana nafasi Jumapili aje. Hakuja, ila alimtuma mke wake, na mke wake alikaa mpaka mwisho.

Kesho unakwenda kujifunza upimaji wa ardhi. Sina hofu na wewe katika hilo. Una jicho, una hesabu, na zile alama za hisabati zilizonipandisha hasira ulizirekebisha mwenyewe bila kukatazwa kitabu chochote. Lakini kuna jambo moja katika habari hii yote ambalo watu hukusifia, na mimi peke yangu ndiye ninayeweza kukuambia usilizoee. Ni lile la kunifunika. Mamako analisifu. Nami lilinivunja moyo likanitengeneza. Hata hivyo lilikuwa kosa, mama, na lilikuwa kosa langu kukulea hivi kwamba ukaona ni wajibu.

Kazi yako itakupeleka kwenye mashamba ya ndugu wasiosalimiana. Utaweka jiwe la mpaka mahali pake, na ipo siku mtu mwenye sauti nzuri, labda mkubwa wako, labda mtu unayempenda, atakuomba useme ulikosea vipimo, ili yeye asiaibike. Atakuambia ni heshima. Atakuambia ni kwa ajili ya familia. Nami nakujua: moyo wako utataka kuinama utazame sakafu.

Usiiname. Mtu mzima aliyekosea anaweza kubeba kosa lake, halimuui, nimejaribu. Ukimbebea unamnyima nafasi ya kuwa mtu bora, na wewe unabaki na jina baya ambalo si lako. Mheshimu, mwongeleshe kwa upole, mpe kiti. Kisha sema kilichotokea, kwa sauti inayosikika, mbele ya wale wale waliopo.

Na kama siku hiyo mwenye kosa atakuwa mimi, anza na mimi.

Baba yako